Baridi ya Kepteni

Kombaini yao ilikuwa kuukuu, imebabuka rangi hapa na pale kama magoti ya mtoto mtundu. Waliinunua ikiwa imeshachoka kwa watu wengine, wakaifufua kidogo kidogo, mkanda leo, beringi kesho, na kila msimu wa ngano watu walipoisikia ikikohoa barabarani walisema, "Haya, babu ameamka." Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa mkono na mguu wa nyumba yao. Ikivuna, wanakula, ikilala, wanatazamana.

Mume ndiye aliyeiendesha. Kwa vile alikaa juu, ndani ya kebini yenye vioo pande zote, kofia kichwani na kidevu mbele, watu walimbandika jina la Kepteni, naye hakulikataa. Mke alikuwa mtu wa chini. Alitembea nyuma ya mashine akichota makapi kwa kiganja na kuyapuliza, aone kama kuna ngano inayomwagika pamoja na takataka. Na mashine ilipopaliwa, maana ilipaliwa kila mara kama mzee anayekula kwa haraka, ni yeye aliyeingia mdomoni. Mdomo ndivyo walivyoiita ile sehemu ya mbele: safu ya visu, na nyuma yake gogo la chuma lenye mabawa, linalozunguka kuvuta mabua ndani. Mama huyo aliinama humo nusu mwili, akayang'oa mabua yaliyosokotana, kisu kiko hapa, gogo liko pale.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda msimu wao wa kwanza, Kepteni alipodhani mkewe ameshatoka, akawasha injini. Mashine ile ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna fundi aliyeuponya: injini ikiwaka tu, kabla hujaiamuru lolote, mdomo nao unashtuka na kutafuna mara mbili tatu. Hizo mbili tatu zilitosha.

Siku ile Kepteni alilia kuliko mkewe. Alipiga magoti kwenye sakafu ya zahanati, mbele ya wagonjwa na wauguzi, akala yamini. Kuanzia leo, alisema, mashine ikisimama, ufunguo unatoka na kushuka chini, anaushika yule anayeingia mdomoni. Haurudi juu mpaka mwenyewe asimame mbele ya kioo, mzima, na kuurudisha kwa mkono wake. Sheria hiyo aliitunga yeye Kepteni, si mke. Na waliishika miaka nenda miaka rudi. Mama aliufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake kwa mafundo mawili, watu wakaona, wakamwita Mama Pindo, hadi wengine wakasahau kwamba kulikuwa na jina alilopewa na babake.

"Wewe Kepteni gani," watani wake walimwambia, "unayenyang'anywa chombo na mkeo mara kumi kwa siku?"

"Bora ninyang'anywe ufunguo," alijibu, "kuliko nimnyang'anye mwenzangu kidole kingine."

Mama Pindo alilipenda jibu hilo. Ndoa yao ilikuwa na kasoro zake kama ndoa zote: mume alikoroma, alikuwa mbishi, na ukimtuma chumvi anarudi na habari za watu, chumvi kaisahau. Lakini alipokuwa ameinama katika ule mdomo, na chuma kinamgusa mbavu, Mama Pindo aliweza hata kuimba. Ni wangapi wanaoweza kusema hivyo juu ya waume zao?

Huko juu nako kulikuwa na taabu yake. Kiyoyozi cha kebini kilikufa kabla hata hawajainunua mashine, na vile vioo vilivyomfanya mtu aonekane Kepteni ndivyo vilivyomkaanga. Akifunga mlango, anaiva. Akiufungua, vumbi la makapi linamwingia puani, machoni, mpaka kwenye meno. Msimu uliopita, jua likiwa utosini, mashine ilianza kwenda upande, ikaiacha ngano, ikakanyaga majani ya mpakani na kuishia kwenye kichuguu. Mama Pindo alipanda ngazi mbio. Akamkuta mumewe ameulalia usukani, ngozi kavu, moto kama pasi.

Daktari hakuzunguka. "Ni joto," alisema. "Safari hii mmemwahi. Safari nyingine joto litamwahi kabla yenu."

Tangu hapo Mama Pindo hakuwa na raha. Kila akimtazama mumewe kwenye kile kisanduku cha kioo alimwona kama mandazi kwenye mafuta. Akafunga safari kwenda kwa mdogo wake wa tumbo moja, mtu wa kutengeneza majokofu na viyoyozi vya magari, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Baridi. Huyu alikuwa mdogo wake kweli, si wa kusema tu. Mama Pindo ndiye aliyembeba mgongoni tangu akiwa wa kutambaa, mama yao alipokuwa akienda vibaruani.

"Dada, ile mashine ni ya makumbusho," Fundi Baridi alimwambia.

"Makumbusho hayalishi watu. Njoo uitazame."

"Nitakuja. Ila shemeji naye ni mjuzi wa kila kitu, hafundishiki."

"Atafundishika. Aliyeonjeshwa kaburi hafundishiki na nini tena?"

Akaja na sanduku lake la vyuma, na wiki nzima ua wa nyumba yao ukawa gereji. Alifungua hiki, akagonga kile. Akapaka povu la sabuni kwenye mabomba, na pale povu lilipovimba na kupasuka ndipo gesi ilipokuwa ikitorokea. Mipira yote ya namna hiyo akaibadilisha. Rejeta ndogo ya kiyoyozi aliikuta imeshindiliwa makapi kama mto wa kulalia. Halafu akaingia chini ya kiti cha dereva, na humo akacheka mpaka akajigonga kichwa.

"Shemeji, hebu njoo uone! Hii mashine ilitengenezewa watu wa kwenye barafu. Kuna bomba la maji ya moto kutoka kwenye injini linapita hapa, la kupasha kebini joto. Koki yake imekufa ikiwa wazi. Kumbe miaka yote hii umekaa juu ya birika!"

"Ndiyo maana nimeiva namna hii," alisema Kepteni. "Na mke wangu anasema nimezeeka."

Fundi akalikata lile bomba na kuyarudisha maji kwenye injini bila kupita ndani. Akaona pia kwamba hewa ya kebini ilikuwa ikivutwa kutoka nyuma, palepale injini inapopumulia, akahamisha tundu lake likawa mbele juu, na chujio zuri, kisha akafanya kiyoyozi kiwe kinazungusha hewa ya ndani kwa ndani badala ya kupigana na joto la dunia nzima. Mlango ukapata mpira mpya. Paa likapakwa rangi nyeupe.

Dari likabaki kwa Mama Pindo. Alinunua sponji na kitambaa kizito, akapima, akakata, akashona kwa mkono ule wa vidole vitatu, sindano ikimponyoka na yeye akiifuata. Siku ya kulifunga alisimama kwenye ngazi ameinua mikono, analishikilia dari, na mdogo wake akapenyeza waya kati ya sponji na bati.

"Dada, nishikie hapa kidogo."

Akamshikia. "Waya wa nini huu?"

"Wa feni."

"Haya. Upitishe vizuri usije ukanichania kitambaa."

Jioni ile wakaiwasha. Kepteni akajifungia ndani. Wao chini wakamwona anafumba macho, anafumbua, anatoa ulimi kama anaonja mvua, kisha akafungua kioo kidogo tu na kusema, "Mke wangu, nikifa nizikeni humu!" Mama Pindo alicheka mpaka machozi. Hakupanda kuionja baridi yenyewe. Kiti kilikuwa kimoja, na kazi yake ilikuwa chini.

Msimu ukafunguka. Kepteni akawa mtu mwingine. Alivuna asubuhi, akavuna mchana, akashuka jioni shati limenyooka kama mtu aliyetoka ofisini. Wanawake wa jirani walimtania Mama Pindo, "Mwenzetu umejitafutia mke mwenza kwa mikono yako! Siku hizi bwana hashuki, kutwa yuko na Baridi."

"Mwacheni," alisema. "Huyo mke mwenza hali wala havai."

Kulikuwa na neno moja dogo tu. Mchana, walipopumzika, Mama Pindo alikwenda nyumbani kuchukua chakula, ufunguo ukiwa pindoni. Siku za mwanzo Kepteni alimwambia, "Niachie basi ufunguo, niwashe kidogo nipate kulala kwenye ubaridi."

"Mashine ikisimama, ufunguo unalala kwangu," alijibu mkewe. "Tulisemaje?"

"Lakini hapo hakuna aliyeingia mdomoni."

"Leo hakuna. Kesho utasahau kama yupo au hayupo. Mambo haya yana mlango mmoja, mume wangu, ukiufungua kidogo umeufungua wote. Nenda kalale kwenye kivuli cha gurudumu kama zamani."

"Sawa, mke wangu," Kepteni alisema, na hakuuliza tena. Mama Pindo alifurahi kwamba mbishi wake safari hii hakubisha. Mtu akizeeka, alijiambia, hupata akili.

Basi siku moja walikuwa kwenye shamba kubwa la kandokando ya barabara, ngano imekaa vizuri lakini chini kuna magugu mabichi, na magugu mabichi ndiyo yanayompalia babu. Asubuhi hiyo Mama Pindo aliingia mdomoni mara kwa mara. Mara moja ilimbidi apitishe mkono mzima hadi begani nyuma ya lile gogo, shavu likiwa limelalia kisu. Akatoka, akajikung'uta, akarudisha ufunguo, kazi ikaendelea. Mchana akaenda nyumbani. Njiani akakutana na mkwe wake, mke wa mwanawe, amebeba kikapu.

"Mama, nilijua umechoka, nimekuletea huku huku."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Basi leo baba yako atakula chakula kikiwa cha moto."

Akageuka. Alikuwa hajafika hata kwenye mpaka wa shamba aliposikia injini.

Hakuamini. Alisimama, akaelekeza sikio. Injini ya babu hailinganishwi na nyingine; ilikuwa na kikohozi chake, mbili nzito na moja nyepesi. Mkono wa Mama Pindo ukaenda wenyewe kwenye pindo. Fundo lipo. Akalibonyeza, ufunguo umo. Akalifungua kwa meno, akautoa, akautazama kwenye kiganja. Ni wenyewe, na meno yake yaliyolika. Na huko mbele, nyuma ya ngano iliyosimama, injini inanguruma.

Wezi, alifikiri. Wameiunganisha waya, wamempiga mume wangu. Akatupa kikapu, chakula kikamwagika, akakimbia kama hakuwahi kuwa na magoti mabaya.

Wezi hakuwaona. Aliiona mashine imesimama palepale alipoiacha, na ndani ya kebini, nyuma ya vioo vilivyofungwa, mumewe amejilaza kwenye kiti, miguu ameipandisha juu ya usukani. Kando yake, juu ya debe lililopinduliwa, amekaa mdogo wake, Fundi Baridi. Walikuwa wanacheka. Hakuisikia sauti, vioo vilikuwa vimezibwa vizuri. Aliyaona meno tu.

Akapanda ngazi na kugonga kioo kwa ule ufunguo.

Miguu ya Kepteni ilishuka kwenye usukani kama imeunguzwa. Injini ikazimika. Mlango ukafunguka na baridi ikamwagikia Mama Pindo usoni, baridi nzuri ya mtungi wa maji.

"Mke wangu! Umewahi leo."

"Imewakaje?"

"Nini?"

"Mashine. Imewakaje?" Akauinua ufunguo mbele ya macho yao. "Hiki nilichoshika ni nini?"

Wanaume wawili wakatazamana. Fundi Baridi ndiye aliyeanza, tena kwa kucheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Dada, ni jambo dogo tu. Niliweka kitufe chini ya kiti. Shemeji alitaka awe anapata upepo mchana wewe ukienda nyumbani. Unabonyeza, inawaka, haihitaji ufunguo. Magari mapya yote yako hivyo."

"Tangu lini?"

Fundi Baridi akaliangalia debe alilokalia.

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Tangu tulipofunga kiyoyozi," alisema mdogo wake. Safari hii hakucheka.

Mama Pindo akashuka ngazi moja moja. Alipofika chini alijikuta anautazama mdomo wa mashine. Mabua mabichi yalikuwa yamening'inia kwenye visu. Akakumbuka shavu lake lilipolala asubuhi. Akakumbuka shamba la mwanzo wa msimu, na lile la bondeni, na lile la mwalimu ambako alikaa humo ndani muda mrefu akiimba, na mume juu anaitikia kibwagizo. Mara zote hizo ufunguo ulikuwa pindoni, naye alikuwa ametulia kama mtoto aliyefungwa na mama yake mgongoni. Kumbe mgongo haukuwapo.

Kepteni alimfuata mbiombio. "Nisikilize. Sijawahi kukigusa kile kitufe wewe ukiwa mdomoni. Hata siku moja! Naapa kwa—"

"Usiape," alisema mkewe. "Uliapa zamani, ilitosha."

"Wewe unafikiri mimi naweza kukuua?"

"Mara ya kwanza ulitaka kunikata?"

Macho ya Kepteni yakaenda kwenye mkono wa kushoto wa mkewe.

"Hukutaka," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anamweleza mtoto. "Ulisahau tu. Ulidhani nimeshatoka, akili iliruka, basi. Ndiyo maana ukaleta habari ya ufunguo. Ulisema tusiitegemee akili yako. Wewe mwenyewe ulisema. Sasa msimu mzima nimelala kwenye visu nikitegemea akili yako, na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa ameshuka na anazungusha kofia mkononi. "Na wewe. Ule waya niliokushikia pale darini."

"Dada..."

"Nilikuuliza wa nini. Ukasema wa feni."

"Shemeji aliniomba nisiseme. Nikaona ni mambo ya mke na mume, mimi ni nani niingilie."

"Wewe ni nani?" Mama Pindo aliangalia vidole vyake, vitano huku na vitatu huku. "Mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa changu, nimekushikia waya wa kunitafuna, na umenitazama usoni. Halafu unauliza wewe ni nani. Nyie mmenipuliza huku mnaniuma, kama panya."

Hakulia. Hata yeye alijishangaa. Alijaribu kuyatafuta machozi, akakuta mahali pake pamekauka.

Lori la kubebea ngano likafika, na nyuma yake mwenye shamba, mtu mnene wa haraka haraka, anapepea kofia. "Jamani, mbona mmesimama? Lori hili nimeliazima, jioni linarudi kwa mwenyewe. Mama Pindo, waamshe hao!"

Ikabidi kazi iendelee. Kabla ya kuwasha, Fundi Baridi alitambaa chini ya kiti na koleo, akatoka na kitufe mkononi na kipande cha waya kinaning'inia kama mkia wa mjusi. "Nimekata, dada. Ona. Kimekwisha." Kepteni naye akakazia, "Umeona, mke wangu? Kimekwisha." Mama Pindo akautoa ufunguo na kumpa Kepteni.

Hawakufika mbali. Magugu yaliingia kwa pamoja, gogo likalia, mashine ikapaliwa. Kepteni akazima, akashuka na ufunguo, akampelekea mkewe kwa mikono miwili kama anayempa mtu kichanga.

Hakuupokea. "Ingia wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Ufunguo unao. Mimi nitakaa juu."

Kepteni akacheka kidogo, akaona amecheka peke yake. Mama Pindo alikuwa ameshapanda ngazi. Akakaa kwenye kiti, akafunga mlango.

Baridi ilikuwa bado imo. Ilimshika shingoni, ikaingia kwapani, ikashuka mgongoni palipokuwa na jasho la asubuhi nzima. Juu yake kulikuwa na dari lake, mishono yake mwenyewe, mingine imekwenda upande. Hakujua kama dunia ina starehe ya namna hii. Akamwelewa mumewe kabisa kwa nini alikitaka kile kitufe, na kumwelewa huko kukamuumiza zaidi, kwa sababu sasa alikuwa amekionja kile alichobadilishwa nacho. Kilikuwa kitamu kweli, lakini baridi tu, ya kulalia usingizi wa mchana.

Kupitia kioo alimwona mumewe amefika mbele ya mdomo. Ameufunga ufunguo kwenye kona ya shati. Akainama. Akaingiza mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko. Akauchomoa. Akainua macho kumtazama mkewe kule juu. Akainama tena, mkono ukaishia hewani.

Mama Pindo akafungua mlango. "Vipi?"

"Hebu shuka kwanza, mke wangu."

"Nishuke kwa nini? Ufunguo unao wewe."

"Ninao, lakini..."

"Na waya mmeukata."

"Umekatwa, ndiyo."

"Basi unaogopa nini? Mimi mkeo niliyekuzalia. Naweza kukuua?"

Mwenye shamba akaangua kicheko, akidhani ni utani wa wazee. "Kepteni leo kapatikana!"

Kepteni akajifuta uso. Jasho lilikuwa linamtiririka, na halikuwa la joto. Akasogea kwa shemeji yake, akamnong'oneza. Fundi Baridi akachukua spana, akaenda ubavuni mwa mashine, akafungua kisanduku cha betri na kuchomoa nyaya zake zote mbili, akaziweka mbalimbali. Hapo ndipo Kepteni alipoinama na kuingia mdomoni, mwili nusu, kama mkewe alivyokuwa akiingia.

Mama Pindo alikaa palepale, anautazama ule mgongo. Laiti asingeogopa! Laiti angeingia kwa ujinga wake, akatoka akicheka, angesema mume wangu ni mjinga, hakuelewa alichofanya, na mjinga husamehewa. Kumbe alijua. Mwili wake ulijua wazi ni nini kuinama pale na mwenzio amekaa penye uwezo wa kukuwasha. Betri hiyo ilikuwapo msimu wote, spana ilikuwapo, fundi alikuwapo. Hakuna hata siku moja iliyochomolewa kwa ajili yake.

Machozi yakaja sasa, ndani ya kile kibanda cha kioo, na kwa kuwa kilizibwa vizuri hakuna aliyemsikia.

Shamba lile walilimaliza, na mengine baada yake. Watu walitegemea kuona vumbi kubwa, mke amerudi kwao, vyombo vimevunjwa, hawakuona kitu. Mashine ikisimama, Mama Pindo alikwenda mwenyewe na spana ubavuni, akachomoa betri, akatia nyaya mfukoni mwa aproni, ndipo akaingia. Ufunguo alipopewa aliuacha juu ya gurudumu. Kazi ikawa ya polepole na wenye mashamba wakanung'unika. Kepteni akawa anaendesha mlango wazi, vumbi linamwingia, kiyoyozi kimezimwa, akidhani labda hiyo ni toba. Mkewe hakumwambia afunge wala afungue.

Fundi Baridi alikuja siku moja kuomba radhi, na mfuko wa sukari. Dada yake akamkaribisha, akampikia chai, akamuuliza hali ya watoto wake mmoja mmoja. Alipoondoka alimsindikiza mpaka njiani kama kawaida. Lakini kila alichosema kuhusu mashine, kwamba kitufe hakitarudi, kwamba amekagua waya wote, alikiitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Na nyumbani walikula pamoja, wakalala chumba kimoja. Kepteni akaacha ubishi, akawa akitumwa chumvi analeta chumvi. Asubuhi moja alisimama mlangoni akitazama nje, mkewe yuko jikoni anatandaza mahindi kwenye mkeka ayatoe yakakauke.

"Usiyatoe, mke wangu," alimwambia kwa upole. "Mvua inakuja."

"Ahsante," alisema Mama Pindo. Akajifuta mikono, akampita pale mlangoni, akaenda kusimama katikati ya ua kuliangalia anga mwenyewe.